Kivuko cha Mtani Wangu Tamimu

*Mfungo Nane, tarehe 3*

Naanza leo, kwa kalamu ya tete na karatasi za kufungia tende alizonipa Muhindi wa Kibiti bila kuuliza za nini. Sababu ni ubishi. Tamimu mvushaji kaapa mbele za watu kuwa tangu mji umkabidhi mtumbwi hajachelewa hata siku moja. Nikamwambia, wewe kima wa mlimani, nitakuandika. Akacheka mpaka akakaa chini. Ati mie niliyefukuzwa chuoni kwa kumtia mwalimu upupu kwenye msala, nitaandika nini? Basi ndiyo hii naandika. Niliishia Tabaraka, na herufi zangu zinatembea upande kama kaa, lakini zinafika.

Atakayesoma ajue hivi. Nyumba zetu ziko huku, mashamba yetu ya mpunga yako ng'ambo ya mto, upande wa Chumbi. Wenye miguu mizima huvuka asubuhi na kurudi jioni. Goti langu liligoma zamani, kwa hiyo avukaye ni mke wangu Mwanaharusi, na mie nabaki gatini nasuka migono ya kutegea samaki na kutia watu maneno. Mtumbwi si wa Tamimu, ni wa mji. Tuliuchonga wanaume wote kutoka mvule mmoja, na kila nyumba humpa Tamimu mpunga mavuno yakiisha. Sharti lake ni moja tu. Jioni, kabla hajaondoka ng'ambo mara ya mwisho, agonge kafi ubavuni mwa mtumbwi na kuyaita madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo tunamolindia mpunga, moja baada ya moja, mpaka kila dungu lijibu kuwa watu wake wameshapanda.

Leo kafika kwa wakati. Sikutaka kuliandika hilo.

*Tarehe 6*

Ukungu. Kachelewa. Nimemwandika.

*Tarehe 7*

Ukungu tena. Kachelewa. Nilimwonyesha karatasi. Kaitazama juu chini akasema, "Chura wewe, hapa pameandikwa Tamimu ni mtu mzuri." Nikamwambia aishike vizuri kwanza, kaigeuza.

*Tarehe 9*

Mgeni kutoka Mafia kaona jinsi Tamimu anavyoniita maiti na mie ninavyomwita kima, akadhani tutashikana mashati. Watu wakamweleza. Tamimu ni Mmatumbi, wa kule milimani kusini, na mie Mndengereko wa bondeni, na sisi ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani hunitukana na sikasiriki. Huchukua kuku wangu na simdai. Nikifa, ndiye atakayeingia kaburini kupima kama nimeenea, huku akiwadai wanangu chakula. Kwa mtani hakuna "tafadhali" wala "ahsante". Hivyo ni vya watu baki.

Mwanaharusi huniambia nampenda Tamimu kuliko yeye. Nilimjibu kuwa Tamimu hanipikii mlenda kila siku. Leo kapika mlenda.

*Tarehe 13*

Kachelewa mno, jua limeshapanda na watu wamejaa gatini wakinung'unika. Kasema mtumbwi ulikuwa unavuja. Mie nikaona mchanga mbichi kwenye miguu yake na nyayo nyingi ukingoni, za watu wasio wa hapa. Anawavusha alfajiri watu wanaokwenda Ngarambe kwa yule mganga mwenye maji ya dawa. Wanasema ukinywa na kujipaka, risasi ya Mdachi inageuka maji. Nilimwuliza Tamimu kama maji hayo yanaponya pia uvivu. Akasema yanaponya midomo, nikanywe.

*Tarehe 14, 15, 16*

Kwa wakati. Kwa wakati. Kwa wakati. Mto unashuka, mafungu ya mchanga yanatoka mgongo. Mpunga wetu umekauka vizuri. Mwanaharusi anasema kikapu kimoja kwa siku ndicho anachoweza kukivusha kichwani. Vikapu vingine vyote vimo bado dunguni.

*Tarehe 20*

Habari zimefika kuwa Wamatumbi wameng'oa pamba ya Serikali huko kwao. Jumbe wetu, Shaban, ambaye hukohoa kabla ya kusema ili tujue ni jumbe anayesema, kamwita Tamimu na kumhoji kama anajua lolote. Tamimu kajibu kuwa yeye kaondoka milimani mama yake akimbeba, na pamba aijuayo ni hii aliyovaa, nayo imetoboka. Watu walicheka. Shaban hakucheka.

Jioni Tamimu kagonga kafi kwa nguvu kuliko siku zote. Nimesikia mpaka barazani kwangu.

*Tarehe 25, Ijumaa*

Khutba ndefu. Nililala.

*Tarehe 28*

Moshi kusini, mbali, upande wa pwani. Akida kaja kutoka Kibiti na askari, wakafunga mlango kwa Shaban tangu adhuhuri mpaka alasiri. Wazee wote waliitwa. Mie sikuitwa. Nikakaa nje nikisuka mgono na kumwuliza askari wa mlangoni kama kofia yake huota yenyewe au huipanda. Wazee walipotoka walinipita kama wanaopita kisiki. Hata jirani yangu Swalehe, ambaye hatujapata kupitisha siku bila kusutana, kaniambia tu kwamba ana haraka.

*Mfungo Tisa, tarehe 1*

Mke wa Swalehe hakuvuka leo. Tumbo. Wake wa Shaban nao, wote wawili, tumbo.

*Tarehe 2, Ijumaa*

Baada ya sala niliwatangazia watu kuwa mji wetu umeingiwa na ugonjwa wa matumbo wa ajabu, unawashika wenye waume wanaoitwa kwenye vikao. Nikasema Mwanaharusi wangu, kwa kuwa mume wake haitwi kokote, yuko salama. Nilitaraji kicheko. Mmoja kakohoa, wengine wakatazama viatu vyao, na wengi hapa hawana viatu.

Tamimu kaja kwangu usiku ukianza kuingia. Kakaa. Hakunitukana. Kala ugali wangu wote akasema, "Kesho mke wako apumzike." Nikamwambia kima, mpunga wangu hauna habari za kupumzika kwako, unataka tu kupunguza watu wa kuwapigia kafi. Nilimngoja anirudishie. Akanawa, akaenda.

*Tarehe 3*

Nitaandika pole pole, jambo kwa jambo.

Asubuhi walivuka watu wachache sana. Mwanaharusi alivuka, na Tabu yule mjane, ambaye hana mume wa kuambiwa chochote. Wengine waliovuka walikuwa wanaume watatu wa upande wa juu, nao wakarudi kabla ya adhuhuri, kila mmoja na jembe lake na jamvi lake, wasitazamane. Nikawauliza mbona mapema. Mmoja akasema jua.

Alasiri Tamimu akavuka peke yake kwenda kuwachukua waliobaki. Mie nilikuwa gatini kama kawaida. Maji ni machache sasa, sauti inafika. Nilimwona akisimama mbali kidogo na ukingo wa ng'ambo, hakugusa nchi. Akakaa hapo, kafi mapajani. Hakugonga. Hakuita dungu hata moja. Kisha akageuza mtumbwi, akarudi mtupu.

Nilidhani ni utani. Wallahi nilicheka. Nikampigia kelele kuwa kasahau mizigo, akawarudie, mke wangu hapendi kungojeshwa. Alipofika hakuufunga mtumbwi. Askari walitoka nyuma ya matete, wakauingia, na nyuma yao nikaona mitumbwi mingine, ya kuvulia, ya watu binafsi, yote ya upande wetu na iliyokwisha kuvushwa kutoka ng'ambo, inaburutwa juu kwenye nchi kavu. Shaban kakohoa. Kasema ni amri ya akida, mitumbwi yote ilale kaskazini, wenye maji ya dawa wasipate pa kuvukia kwenda Dar es Salaam.

Nikasema, na mke wangu?

Wakaendelea kuburuta mitumbwi. Ndipo nikaelewa matumbo yote yale. Mji mzima ulijua. Kila mtu kamrudisha wake kimya kimya, kwa homa, kwa tumbo, kwa msiba wa shangazi ambaye hajafa. Aliyebaki bila kuambiwa ni mie. Ng'ambo Mwanaharusi alikuwa amesimama ukingoni na kikapu kichwani. Aliita jina langu. Hakumwita Tamimu, aliniita mie, kana kwamba mtumbwi ni wangu.

*Tarehe 4*

Nimemkuta Tamimu gatini. Askari wamempa kofia yao. Nikamwuliza kwa nini, na nilimwuliza bila jina la utani.

Kasema, "Shaban alisema Mmatumbi atatoa siri, tumfunge. Nikasema sitoi. Wakaniambia, basi tutaona kama utaweza kumficha mtani wako Kondo."

"Ukaweza."

"Nilikuja kwako. Nilikwambia apumzike."

"Uliniambia kama mtu anayedoea ugali."

Akasema neno ambalo limenikaa kifuani mpaka sasa: "Wewe ukijua, Chumbi yote imejua. Wangeificha mitumbwi ya ng'ambo, na akida angemnyonga mtu hapa."

Ubaya wa neno hilo ni kuwa ni kweli kuhusu mdomo wangu. Lakini mtu hupewa siri nusu. Angeniambia, mzuie mkeo na usiulize, naapa kwa Mungu, ningemzuia na ningeuliza, na angekuwa hapa leo.

Nilimwomba safari moja tu, mchana, mbele za askari. Kasema kesho atamwomba mkubwa wao.

*Tarehe 5*

Nilikwenda. Kasema kesho.

*Tarehe 6*

Kesho.

*Tarehe 7*

Leo askari wamevuka kwa mtumbwi wetu, ule mvule tuliouchonga wote. Tamimu ndiye aliyepiga kafi. Adhuhuri moshi ukapanda upande wa Chumbi, mweupe kwanza, kisha mweusi, moshi wa mpunga uliokauka vizuri. Wanachoma madungu, wenye maji wasipate chakula. Majivu yalivuka mto bila kuhitaji mvushaji, yakatua kwenye migono yangu.

Walirudi jioni. Askari walijaa mbele wakiimba, nyuma pangetosha watu wanne kukaa wakanyoosha miguu. Nimesimama palepale wanaposhukia. Tamimu kapita akiangalia maji. Nilimwuliza kama aliona mwanamke. Kasema, "Nilikatazwa kubeba mtu." Sikumwuliza alichokatazwa. Nilimwuliza alichokiona.

Swalehe kaniletea bakuli la uji. Nimelirudisha na uji wake.

*Tarehe 8*

Nimekata migomba ya uani kwangu, yote, hata ule wenye mkungu. Nataka kuifunga pamoja iwe chelezo, nivukie. Goti halikubali, kamba zinateleza. Wanaume wapitao wananiona na wanapita. Kazi ya kuchonga mvule walikuja wote.

*Tarehe 9, Ijumaa*

Nimekwenda msikitini, si kwa uchaji, bali kwa kuwa nilitaka nikae nyuma yao wote nitazame migongo yao ikiinama. Nimetoka kabla ya dua, wazee wakanitolea macho. Nikafika nyumbani. Jikoni kuna moshi. Mwanaharusi kakaa kwenye kibao anapuliza moto, kanga imeungua pembeni, nyusi moja haipo.

Nilitaka kusema neno la kuchekesha. Nililitafuta. Nilikaa chini kwenye vumbi nikamshika mguu, na yeye akaniacha niushike, akaendelea kupuliza.

Alipokwisha kula kasema, "Nikikwambia, utanyamaza?"

"Mwanaharusi, mie sijapata kunyamaza tangu nizaliwe."

"Ndiyo maana nauliza."

Nikamwambia naweza. Kanitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama embe kabla ya kulinunua. Kisha akanieleza.

Waliokuja kuwatoa yeye na Tabu kwenye moto ni vijana wa Chumbi, wa ukoo wa mkwe wetu, wameshakunywa maji ya Ngarambe na wana nyuzi za dawa shingoni. Wangeweza kuwafanya lolote. Mumewe na mji wake wamekaa upande wa Mdachi. Mmoja kamwambia, mama, Ijumaa waume zenu wakisujudu, gati halina macho, tutakuvusha. Wana mtumbwi mdogo ambao haukukamatwa. Mahali ulipo sipaandiki hapa. Unabeba mtu mmoja tu na mpiga kafi. Tabu kabaki kwao, nyayo zimeungua, hawezi kukanyaga; wamemwahidi Ijumaa ijayo. Mtumbwi ule ukijulikana, vijana wale watanyongwa na Tabu hatarudi.

Nimewasikia wazee wakiwaita hao adui. Basi iandikwe: adui alisema Ijumaa wakati wa sala, na alifika Ijumaa wakati wa sala.

*Tarehe 10*

Mji mzima umekuja kumtazama Mwanaharusi. Wanawake wamelia, wamemkumbatia. Yeye kawapa mkono mmoja mmoja, kama mtu wa mbali aliyekuja mazishini. Mke wa Swalehe kamwuliza kavukaje. Kasema kachoka.

Wakaja kwangu. Shaban, askari wawili, Tamimu na kofia yake, na nusu ya mji nyuma yao. Shaban kakohoa. "Mzee Kondo, mkeo kavukaje?"

Nilihisi siri imekaa kwenye ulimi wangu kama kaa la moto. Nikawaangalia wote. Nikasema, "Kapanda kiboko."

Nikaendelea. Nikasema ni kiboko jike, mwenye adabu zake, mke wa mtu pia, wakafahamiana. Nikasema alimwuliza kwanza kama ni mke wa Kondo, maana viboko wa huku wote wananidai matango. Nikaeleza alivyokaa, upande upande, kama bibi harusi, na jinsi kiboko alivyosimama katikati ya mto kupumzika, na mke wangu akamkuna sikio. Nikasema alipomshusha aliuliza kama mji huu una mvushaji, na alipoambiwa upo mtumbwi na mvushaji, kiboko akacheka mpaka akazama.

Watu wakaangua kicheko. Askari mmoja, asiyejua Kiswahili vizuri, akaomba atafsiriwe, naye akacheka kwa kuchelewa. Shaban kapangusa macho, akasema, "Mwacheni huyu. Hata mkewe hamwambii kitu." Niliinamisha kichwa kama aliyeaibishwa. Neno lile liliniuma, lakini nililipokea, maana ndilo lililokuwa likimlinda Tabu.

Tamimu peke yake hakucheka. Ananijua. Najua alijua. Alisimama kidogo baada ya wengine kuondoka, kisha akawafuata.

*Tarehe 11 mpaka 15*

Sikutoka. Mwanaharusi kawaambia watu mume wake anaumwa. Nikamwomba asiseme tumbo.

*Tarehe 16, Ijumaa*

Nimekwenda sala, nimekaa mstari wa mbele kabisa, na khutba ilipokwisha nikamwuliza imamu masuala. Nilimwuliza kuhusu talaka, kuhusu mbwa aliyeingia kisimani, kuhusu mtu aliyekufa akiwa na deni la funga. Nikauliza mpaka wazee wakanigunia. Sijawahi kuipenda dini kama leo.

Niliporudi, Tabu alikuwa amelala kwenye kitanda changu, miguu imefungwa majani ya mgomba, anakoroma. Mwanaharusi kaniambia walifika jua lilipokuwa utosini, kama walivyosema.

Watu walipouliza, Mwanaharusi akawajibu kuwa yule kiboko karudi.

*Rajab, tarehe 8*

Akida karuhusu mtumbwi mmoja uvushe watu mchana, chini ya macho ya askari, watu wakaokoe kilichobaki. Huwezi kuandika kitu dhidi ya Tamimu sasa. Anafika ukungu haujaondoka. Jioni anagonga kafi mara nyingi kupita kiasi, anaita mpaka madungu yaliyoungua, akingoja yajibu.

Wengine wamesahau, au wanafanya kama wamesahau. Swalehe anasutana nami tena, na mie namjibu, maana Swalehe ni jirani tu.

*Rajab, tarehe 11*

Leo nimevuka mwenyewe, Mwanaharusi mbele na mie nyuma nimemshika bega, tukaone shamba. Tamimu alikuwa kwenye mtumbwi. Kofia hana, sijui kaitupa au wameichukua. Aliponiona uso wake uliwaka kwa furaha.

"Chura," kasema, "nilidhani umeshaoza. Nimekuchimbia kaburi fupi, tutakukunja."

Watu mtumbwini wakageuka, wakitaka kuona nitamjibu nini. Najua majibu mengi. Nilikuwa nayo tele mdomoni, mengine mazuri sana.

Nikamwambia, "Sabalkheri, Bwana Tamimu bin Kibwana. Watu wa nyumbani hawajambo?"

Akacheka, akadhani ni mzaha wa aina mpya. Akaniita maiti, akaniita mwizi wa migomba yangu mwenyewe. Nikasema twashukuru Mungu, afya ni njema, na kwako je. Kicheko chake kikaisha polepole. Kafi likakaa majini bila kusukumwa, mtumbwi ukaanza kugeuka na mkondo, na mama mmoja akasema, jamani, tunakwenda wapi.

Hapo akapiga kafi. Tukavuka. Tulipofika alinipa mkono nishuke, maana goti langu analijua. Niliushika mkono wake, nikakanyaga mchanga, nikamwambia ahsante sana.

Kasimama na mkono ule bado umenyooshwa. Kisha, kwa sauti ndogo, akanijibu, "Karibu, Bwana Kondo."